Maji Kabla ya Dawa: Mhadhara juu ya Kuuguza Majeraha Madogo ya Mbwa Nyumbani



Nimeombwa niseme nanyi jioni hii juu ya jambo ambalo baadhi ya watu watalidhania kuwa dogo mno kustahili kupandiwa mimbari, nalo ni namna ya kuuguza majeraha madogo ya ngozi ya mbwa katika nyumba zetu wenyewe, tukiwa mbali na tabibu wa wanyama, ambaye kwa wengi wetu hapatikani ila kwa safari na gharama. Nimelikubali ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mbwa walindao nyumba, mashamba na mazizi yetu hujeruhiwa kila siku, kwa mabati, kwa miiba, kwa vioo vilivyotupwa jalalani, kwa kwato za ng'ombe na kwa meno ya mbwa wenzao. Na kwa sababu nimeona, nanyi bila shaka mmeona, kwamba mara nyingi kinachomtesa mnyama yule si jeraha lenyewe, bali ni kile alichomiminiwa juu yake na mtu aliyemtakia heri. Mafuta ya taa, oili chafu iliyotolewa katika injini ya gari, ugoro, majivu, spiriti, hata maji ya betri: vyote hivyo humwagwa juu ya nyama mbichi ya kiumbe asiyeweza kulalama kwa maneno, na anapopiga kelele watu husema dawa imekolea. Mimi nasema dawa haikukolea, imeunguza. Na haja yangu leo ni kuonyesha kwamba jeraha dogo halina haja ya ukali, bali lataka maji mengi, mkono mpole, na jicho lenye subira.

Najua, kabla sijaendelea, kwamba wapo miongoni mwenu, na hasa ndugu zangu wa pwani tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambao mioyo yao husita kumgusa mbwa, seuze kumshika akiwa ametota damu na maji, kwa kuwa mate yake na umajimaji wake ni najisi nzito isiyotoharika ila kwa kuosha mara 7, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo naiheshimu wala sikuja kuijadili, ijapokuwa wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Malik wana rai nyingine kuhusu tohara ya mbwa aliye hai. Lakini najisi ni jambo la kuoshwa. Haikupata kuwa idhini ya kudhulumu. Wengi wetu tuliisikia chuoni, tungali wadogo, hadithi ya yule msafiri aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu, na Mola wake akamshukuru kwa tendo hilo akamghufiria. Fauka ya hayo, sheria imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Na mtu aliyeruhusiwa kumfuga mnyama kwa ajili ya kazi hawezi kudai kwamba ameruhusiwa kumwacha aoze akiwa hai. Mwenye kusita na avae glavu za mpira, ambazo nitazitaja tena hapa chini kwa sababu nyingine kabisa, sababu ya siha yake mwenyewe, na kazi ikiisha azivue atwae udongo na maji kama alivyofundishwa.

Tuseme sasa ni jeraha gani liitwalo dogo, maana watu wengi hupotea hapo hapo mwanzoni, wakamkimbiza kwa tabibu mbwa mwenye mkwaruzo, na wakamwacha nyumbani yule mwenye kitundu kimoja cha jino ambacho ndani yake kimebeba mauti. Jeraha dogo ni mchubuko, mkwaruzo, mkato mfupi usiopenya unene wote wa ngozi, ukucha uliovunjika ncha, au sehemu iliyokuwa mbichi kwa kujikuna kwa sababu ya kupe na viroboto. Si dogo jeraha lililofunua midomo hata mafuta au nyama ya chini ikaonekana. Wala lile ambalo damu yake, hata kama hairuki kwa mapigo, baada ya kukandamizwa dakika 10 kamili haijakoma. Wala lililo karibu na jicho, juu ya kiungo, kifuani au tumboni, hata kama kwa nje laonekana si kitu. Wala lenye mti au chuma kilichokwama ndani, ambacho asithubutu mtu kukichomoa kwa mkono wake. Mkato wa kina wahitaji kushonwa, na kushona huko hufaulu zaidi ukifanywa katika saa 6 hadi 8 za mwanzo, kabla vijidudu havijafanya makao. Kwa hiyo anayekaa siku mbili akipaka hiki na kile ndipo aende kwa tabibu, amempelekea tabibu kazi iliyo mara mbili ya ile ya kwanza.

Ili mtu ajue kwa nini nalaumu ukali wa dawa, yafaa ajue kwanza kwamba mwili wa mbwa, kama mwili wako na wangu, hujiganga wenyewe, na una mpango wake usiotaka kuharakishwa. Punde baada ya ngozi kukatika damu huganda ikaziba. Kisha mishipa midogo ya pembeni hupanuka, na kwa muda wa siku tatu hivi pale mahali hupata joto, hufura kidogo, na hutoa majimaji mepesi, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zimekuja kula vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Na majimaji haya, yasiyo na uvundo, watu huyadhania kuwa usaha wakaingiwa na hofu. Kati ya siku ya 3 na ya 5 huonekana nyama mpya nyekundu yenye chembechembe, nzuri ya kutazama kwa ajuaye maana yake, na juu ya nyama hiyo ngozi changa hutambaa kutoka kingoni kwenda katikati. Ngozi hiyo hutambaa kwa urahisi penye unyevu na hutaabika penye ukavu. Na jambo hili lilipata ithibati mwaka 1962, pale mtaalamu wa Uingereza, George Winter, alipoonyesha kwa majeraha ya nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likahifadhi unyevu wake huota ngozi upesi karibu mara mbili ya lile lililoachwa wazi likafanya gaga. Basi yule amwagaye spiriti juu ya nyama mpya uliyoitengeneza mwili kwa siku tano, ameibomoa kazi ya siku tano kwa dakika moja.

Wala hili si jambo lililogunduliwa leo. Mwaka 1537, katika vita vya Wafaransa huko Italia, alikuwako mpasuaji kijana jina lake Ambroise Paré, ambaye kama wapasuaji wote wa zama zake alikuwa amefunzwa kwamba jeraha la bunduki lina sumu, na kwamba sumu hiyo haitoki ila kwa kumiminiwa mafuta yanayochemka. Siku moja mafuta yalimwishia ilhali majeruhi wangali wengi, naye kwa kukosa la kufanya akawapaka waliobaki mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Usiku ule hakupata usingizi kwa kudhani kwamba asubuhi atawakuta wamekufa; lakini kulipokucha aliwakuta wale wa mchanganyiko wamelala salama, majeraha yao hayana uvimbe mkubwa, na wale wa mafuta ya moto wana homa na maumivu makali. Tangu hapo aliapa asimchome tena maskini aliyejeruhiwa. Nampenda sana mtu huyu, kwa kuwa alikubali kufundishwa na macho yake dhidi ya vitabu vyake, na natamani kila mwenye chupa ya mafuta ya taa mkononi angekuwa na sehemu ndogo ya insafu hiyo.

Atasema mtu: lakini si Joseph Lister wa Glasgow, kuanzia mwaka 1865, ndiye aliyewafundisha walimwengu kutia asidi ya kaboliki katika jeraha ili kuua vijidudu, na watu wengi wakaokoka? Kweli kabisa, na ulimwengu una deni kwake. Walakini tazama kilichofuata. Katika vita vikuu vya kwanza, Alexander Fleming, yule yule ambaye baadaye, mwaka 1928, alikuja kuvumbua penisilini, alikuwa akiwatumikia majeruhi huko Boulogne, Ufaransa, chini ya mkuu wake Almroth Wright. Akatengeneza bomba la kioo lenye vichochoro vyembamba mfano wa jeraha lililopasuliwa na kombora, akalijaza vijidudu, kisha akatia dawa kali. Dawa ilisafisha pale wazi, na vile vilivyojificha vichochoroni vikabaki salama na kuzaana upya. Tena aliona kwamba dawa hizo huziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kwa wepesi kuliko zinavyowaua maadui. Nasaha ya Wright na Fleming ikawa ni kuosha majeraha kwa maji ya chumvi, kwa wingi, na kuuachia mwili ufanye kazi yake. Hiyo ndiyo nasaha ninayowaletea, nami nashangaa kwamba zaidi ya miaka 100 imepita na bado haijafika katika nyua zetu.

Basi mbwa ameumia, tufanye nini? Kwanza afungwe mdomo, hata akiwa ndiye mpole kuliko mbwa wote wa mtaa, kwa sababu maumivu hayajui urafiki. Utepe wa kitambaa laini watosha: uzungushwe juu ya pua, upishwe chini ya taya, kisha ufungwe nyuma ya masikio, ila asifungwe hivyo mbwa anayehema kwa shida au anayetapika. Wawepo watu wawili, mmoja wa kumshika kichwa na kusema naye kwa sauti ya chini, wa pili wa kutenda. Ikiwa damu ingali inatoka, tia kitambaa safi ukandamize kwa kiganja, dakika 5 hadi 10, pasipo kuinua kila mara kuchungulia, maana kila kuchungulia hung'oa donge la damu lililokwisha kushika.

Damu ikikoma, paka mafuta ya mgando au jeli laini juu ya jeraha lenyewe, ndipo ukate manyoya ya pembeni. Nywele zitakazoanguka zitanata katika mafuta na kufutika nayo, badala ya kuzama nyamani ambako kila moja itakuwa kiini cha usaha. Kazi hii ya kukata manyoya ndiyo watu huiruka kwa uvivu, nao hawajui kwamba wanaosha manyoya tu, jeraha halijaonwa.

Kisha kuosha, ambako ndiko nusu na zaidi ya tiba yote. Chemsha maji, yaache yapoe hata yawe vuguvugu, na katika kila lita 1 tia gramu 9 za chumvi, yaani takriban vijiko viwili vidogo vya chai visivyojaa. Maji ya namna hiyo yana uchumvi ulio karibu na ule wa damu, wala hayawashi. Na asiyekuwa na wasaa wa kuchemsha asingoje: maji safi ya kunywa yafaa kuliko dawa yoyote itakayonunuliwa kesho. Yapitishwe kwa nguvu ya kiasi, kwa bomba la sindano la mililita 20 lililoondolewa sindano, au kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, mpaka hapaonekani mchanga, unywele wala jani. Na hata kwa mkwaruzo mdogo usipungue nusu lita, wala usichoke kabla ya dakika tano. Wengi huchovya pamba majini wakafuta mara mbili tatu wakasema wameosha. Huko ni kuupaka uchafu mahali pengine, na tena pamba huacha nyuzi zake; bora shashi, au kitambaa kilichofuliwa kikapigwa pasi.

Likisha kuoshwa, jeraha lifyonzwe maji kwa kitambaa pasipo kusuguliwa. Hapo, kwa anayetaka dawa ya kuua vijidudu, ipo ile ya ayodini ya kahawia inayouzwa katika maduka ya dawa, nayo itiwe maji mpaka rangi yake iwe ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Au klorheksidini, iliyozimuliwa mpaka ibakie 0.05 katika kila sehemu 100, isikaribie jicho wala kuingia ndani ya sikio. Dawa za kusafishia sakafu na vyoo, zile zinazogeuka kuwa nyeupe zikitiwa majini, zibaki sakafuni na chooni. Na ile dawa ya zambarau, pamoja na ile ya bluu wanayopuliziwa ng'ombe, ina udhia mmoja ambao hutajwa kwa nadra: huficha. Jeraha lililotiwa rangi halionyeshi wekundu wala weupe, na mwenye kuuguza amejifunga macho siku zile zile anazohitaji kuona.

Juu ya asali nitasema zaidi kidogo, kwa sababu ni mali yetu. Wamisri wa kale waliandika matumizi yake katika majeraha, na wataalamu wa leo wameeleza sababu: sukari yake nyingi hufyonza maji katika miili ya vijidudu, uchachu wake haviupendi, na ndani yake mna kimeng'enya kinachotoa taratibu, kwa kipimo kidogo, maji ya oksijeni yanayoua pasipo kuunguza. Asali njema ya misitu ya miombo, kama ile ya Tabora, yaweza kufaa juu ya mkwaruzo uliokwisha kuoshwa, kwa sharti iwe safi, isiyochanganywa na sukari guru, na ifunikwe kwa bendeji. La sivyo mbwa ataila, na sisimizi watamaliza masalia. Asitie mtu asali katika jeraha lenye shimo la kina, kwa kuwa asali ya mzinga isiyotakaswa huweza kubeba mbegu za vijidudu vipendavyo mahali pasipo hewa.

Bendeji yenyewe si ya lazima kwa kila jeraha. Ikifungwa mguuni, vidole viwili vya katikati viachwe nje vionekane, navyo vikivimba au vikiwa baridi, bendeji imekaza na ifunguliwe mara moja, ikilowa ibadilishwe, na ibadilishwe kila siku hata kama haikulowa.

Nakuja sasa katika suala la kulamba, ambalo watu hulibishania sana. Wapo wasemao ulimi wa mbwa ni tabibu wake, na dhana hiyo si uongo mtupu, kwa maana mate ya mbwa yameonekana kudhoofisha baadhi ya vijidudu. Lakini mate yayo hayo yana vijidudu vingine vingi, na ulimi wenyewe ni mkali, hukwangua ngozi changa kila inapojaribu kutambaa. Akilamba dakika moja baada ya kuumia, huenda ameondoa mchanga. Akilamba siku kumi, jeraha la sarafu litakuwa la kiganja. Tena ikumbukwe kwamba kila kinachopakwa juu ya ngozi ya mbwa mwisho wake ni tumboni mwake. Na hii, pasipo hoja nyingine, ingetosha kuharimisha oili chafu na mafuta ya taa, pamoja na zile marhamu nyeupe za watoto zenye zinki, ambazo kwa mtoto ni salama na kwa mbwa ni sumu. Ipo kola ya plastiki ya umbo la faneli ya kumvika shingoni. Asiyeipata atwae ndoo ndogo kuukuu, aikate kitako, alainishe kingo zake kwa kitambaa, aifunge katika ukanda wa shingo. Na kwa jeraha la mgongoni au ubavuni, fulana kuukuu ya mtoto, miguu ya mbele ikipitishwa mikononi, huhifadhi vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Sasa jino la mbwa mwingine. Ngozi ya mbwa imemlegea mwilini kama kanzu pana ilivyomlegea mvaaji, na tundu la kanzu si lazima liwe juu ya tundu la mwili: jino huingia, mbwa wawili huvutana na kutikisana, ngozi ikasogea huku na huku, na jino likachana misuli ya chini upana wa mkono, ilhali kwa juu pamebaki kitundu cha kupita punje ya mtama. Kitundu hicho hujifunga siku ya pili, mwenye mbwa akamshukuru Mungu, na siku ya nne jipu limetanda. Ndiyo maana nimekataa kuliita dogo jeraha lolote la jino. Lioshwe kama nilivyosema, lisizibwe, lisifungwe kwa plasta, na mbwa apelekwe kwa tabibu hata kama anakimbia na kula.

Tena katika jino pana khatari nyingine, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote, kwa kuwa khatari hii si ya mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa hukaa katika mate, na mate ya mbwa mgeni aliyemwuma mbwa wako yangali juu ya manyoya yake wakati unapomwosha. Mwenye mchubuko kidoleni, akiosha bila glavu, amejihatarisha kwa maradhi ambayo, dalili zake zikisha kudhihiri kwa binadamu, karibu hayana tiba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba yanaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa katika Asia na Afrika, na kwamba visa 99 katika kila 100 vya binadamu hutoka kwa mbwa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9, tarehe 6 Julai 1885, tunajua kwamba mtu aliyeumwa aweza kuokolewa akiwahi. Basi mtu akiumwa, au mate yakimgusa penye mchubuko, aoshe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 zisizopungua, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa aliyeumwa na mbwa asiyejulikana apewe chanjo nyingine hima, hata kama alichanjwa zamani, awekwe chini ya uangalizi kama tabibu atakavyoamuru. Kule Pemba maradhi haya yaliondolewa kwa kuchanja mbwa kwa wingi, yakarejea kwa kuletwa kutoka nje, yakaondolewa tena kwa chanjo ile ile. Na wajuzi wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maradhi hukosa njia ya kupita.

Katika nchi za joto kama zetu yupo adui mwingine ambaye vitabu vya Ulaya humtaja kwa juu juu, naye ni inzi. Inzi hutaga katika jeraha lililo wazi, na mayai, meupe na membamba, huanguliwa kabla ya siku kuisha. Kwa hiyo jeraha lililokuwa safi asubuhi ya jana huweza kuonekana linachezacheza ndani asubuhi ya leo. Mwenye mbwa akiyaona mayai tu, ayaondoe kwa kitana chembamba na maji ya chumvi. Akiona funza, awatoe wale wanaoonekana kwa kibano na aende kwa tabibu, kwa kuwa wengine wamekwisha kujichimbia chini ya ngozi. Asiwamwagie mafuta ya taa. Wako pia wale inzi waumao wanaowala mbwa ncha za masikio hadi zikatoka damu na kufanya gaga jeusi, hasa mbwa wenye masikio yaliyosimama. Hapo dawa ni kuosha, kupaka mafuta ya mgando, kumhamishia mbwa mahali penye kivuli na upepo, na kuondoa samadi iliyo karibu na banda, maana huko ndiko wanakozaliana.

Na lipo lile jipu dogo lenye tundu katikati, tumboni au katika nyayo, ambalo ukilitazama kwa utulivu utaona kitu kinachopumua. Huyo ni funza wa inzi atagaye katika mchanga wenye kivuli uliolowa mkojo. Huingia ngozini akiwa mdogo kabisa, akakaa siku 8 hadi 12. Tundu lizibwe kwa mafuta ya mgando, nusu saa, apande juu kutafuta hewa, kisha pabanwe pande mbili kwa vidole gumba taratibu hata atoke mzima, wala asipasukie ndani. Kisha palipoachwa paoshwe, na matandiko ya mbwa yaanikwe juani. Mbwa wa pwani wenye kulala mchangani hupatwa sana na jambo hili, na kumtandikia gunia safi juu ya ubao ni kinga iliyo rahisi kuliko kumtoa funza ishirini.

Yaliyobaki ni machache. Asipewe mbwa dawa za maumivu za watu: ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo lake na kuharibu figo zake, na parasetamoli huweza kudhuru ini lake na damu yake. Wala asipewe vidonge vya antibayotiki vilivyosalia kabatini, kwa kuwa kipimo cha kubahatisha hufunza vijidudu ukaidi, na ukaidi huo utarudi kwa watoto wa nyumba ile ile. Jeraha litazamwe kutwa mara mbili, asubuhi na jioni, likioshwa kila mara. Na ukiona wekundu unapanuka badala ya kufifia, au unasikia uvundo, au usaha mzito wa kijani, au mbwa amekataa chakula, au kipimo cha joto kilichotiwa nyuma kinapita nyuzi 39.2, ambapo ndipo ukomo wa joto lake la kawaida, basi kazi ya nyumbani imekwisha na ya tabibu imeanza. Mkwaruzo wa kawaida, ukihifadhiwa hivi, aghalabu hufunga katika wiki moja au mbili.

Ningependa kila nyumba yenye mbwa iwe na bati moja lenye kifuniko, lisilochukuliwa kwa matumizi mengine, na ndani yake mwe na glavu, shashi, bendeji mbili, mkasi wenye ncha butu, bomba la sindano, chupa ya ayodini, kopo la mafuta ya mgando, pakiti ya chumvi, kibano, na utepe wa kufungia mdomo. Vyote hivyo kwa pamoja havipiti bei ya safari moja ya kwenda mjini. Na juu ya kifuniko ibandikwe karatasi iliyoandikwa kwa wino usiofutika namba ya simu ya bwana mifugo wa kata, na chini yake tarehe ya chanjo ya mwisho ya kila mbwa wa nyumba hiyo.